Mvuke Upande wa Barabara

"Kuna kicheche humu," Iris Hawryluk alisema kutoka mlangoni, na mikono yote mezani ikasimama.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya pirohi. Katika chumba cha chini cha kanisa wanawake wa parokia walikuwa wakikata viduara vya unga, wakiweka katikati tonge la viazi na jibini, wakikunja na kubana kingo kwa vidole. Pirohi ndizo zilizolipia paa la kanisa, na sasa zilitakiwa kulipia mtambo mpya wa joto, kwa hiyo hakuna aliyekuja pale kucheza. Iris alikuwa ameendesha posta ya mji ule maisha yake yote ya kazi, na tangu astaafu akawa anaendesha jiko la kanisa kwa mkono uleule. Alikuwa ametoka kwenda kuchukua miwani kwenye koti lake. Alirudi bila miwani.

"Kicheche gani Januari hii?" mmoja akamcheka. "Vicheche wamelala mpaka theluji iyeyuke. Hiyo si harufu ya vitunguu vyako?"

"Vitunguu vyangu navijua. Huyu ni kicheche wa miguu miwili. Yule anayevutwa kwa kiberiti."

Walicheka wote, isipokuwa Adeline Prokopchuk. Adeline hakuinua hata kichwa. Mezani pale yeye ndiye aliyesifika kwa kubana. Ilisemekana pirohi ya Adeline haijawahi kupasuka sufuriani tangu mume wa Iris akiwa hai. Sasa aliibana ile iliyokuwa mkononi mpaka viazi vikamtokea kati ya vidole.

Hakuhitaji kukisia. Alijua palepale, kama mtu aliyefika nusu ya safari akakumbuka kuwa ameacha pasi kwenye umeme.

Iris alirudi kwenye makoti, na mlango alikuwa ameuacha wazi, kwa hiyo wote walimwona akinusa moja baada ya jingine kama mteja wa nyama asiyemwamini mwenye bucha. Kila mama wa siku nyingi pale alikuwa na ndoano yake ukutani. Hazikuandikwa majina, lakini ungetundika koti lako kwenye ndoano ya mwenzako ungejua kwamba umekosea. Shayla Kowal, aliyeanza kuja jikoni msimu wa vuli tu, hakupewa ndoano. Yeye alikuwa akitundika jaketi lake juu ya koti la Adeline, na Adeline, aliyekuwa mama yake wa ubatizo, hakuona ubaya.

Iris alilinyanyua lile la juu, akalitia puani.

"Hili hapa."

La chini yake hakuligusa. Alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta.

Shayla alikuwa kwenye sinki akimenya viazi. Aliondoka mjini pale akiwa na miaka kumi na minane, akarudi akiwa na ishirini na minne, amekonda, na maneno mengi yalimtangulia kufika, mengine ya kweli. Tangu Septemba hakugusa bangi wala kilevi chochote. Watu walilisema jambo hilo kwa sauti ileile wanayosemea kwamba gari bovu leo limewaka. Jumapili kamati ya kanisa ilikuwa ikae kuamua kama apewe kazi ya kulea watoto wadogo, ambao wangeanza kuletwa katika chumba hichohicho baada ya Pasaka. Iris ndiye aliyeahidi kumsemea.

"Shangazi Iris, si mimi."

"Mwanangu, sijasema umevuta. Nimesema jaketi linanuka. Mama wa watu aje jioni kumchukua mtoto wake, amkute ananukia kama uwanja wa tamasha, mimi nitamwambia nini?"

"Labda nilikaa karibu na mtu."

"Basi chagua watu wa kukaa nao," Iris alisema, na hakusema kwa ukali, ndiyo maana ikauma zaidi. "Jumapili sitaweza kusimama, Shayla. Siwezi. Niwie radhi."

Shayla aligeuka. Macho yake yalipita kwenye nyuso zote mezani, yakafika kwa Adeline, yakatua kidogo, kisha yakarudi kwenye viazi.

Miaka ishirini na minne iliyopita, ghorofa ya juu ya chumba hichohicho, Adeline alimshika mtoto huyu juu ya maji na padri akauliza maswali, na kwa kuwa mtoto hakuwa na mdomo wa kusema, Adeline ndiye aliyemjibia. Leo hakuulizwa chochote. Alilowesha kidole, akapitisha kwenye ukingo wa unga, akaziba.

*

Nyumba ya Adeline ilikabiliana na kanisa, barabara tu ndiyo iliyovitenganisha. Kwa miaka yote ya ndoa yake alizoea kuvuka bila kufunga vifungo. Siku hiyo alivifunga mpaka kidevuni.

Katika kibaraza cha kuingilia, kile chumba kidogo cha baridi kati ya mlango wa nje na wa ndani, mnamokaa mabuti, makoti, koleo la theluji na gunia la viazi, alisimama akanusa. Hakusikia kitu. Pua yake ilikuwa imeishi na harufu ile muda mrefu hata ikaacha kumwambia. Juu ya makoti, mdomo wa bomba la rangi ya fedha lenye mikunjo ulikuwa ukimpumulia polepole.

"Zimepasuka ngapi?" mumewe, Metro, aliuliza kutoka chumbani. Ndilo swali lake la kila Alhamisi.

Metro alikuwa dereva wa katapila la kuondoa theluji barabarani, na wakati wa dhoruba mji mzima ulikuwa ukimsubiri yeye ndipo uende popote. Sasa ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemchukua mikono na ulikuwa ukiendelea na miguu. Alilala katika chumba kilichokuwa cha binti yao, kwa sababu usiku alipiga mateke, na katika pembe ya chumba hicho, mahali palipokuwa na meza ya vipodozi, lilisimama hema jeusi la zipu, ukubwa wa kabati la nguo, na ndani yake mibangi miwili. Adeline alitoa humo mafuta ya matone. Daktari mwenyewe alisema wajaribu. Kwa matone hayo miguu ya Metro ilitulia, akalala kama mtu.

Sheria ya nchi ile ilimruhusu miche minne. Yeye alikuwa na miwili tu. Hakuogopa sheria. Duka la vitu hivyo lilipotaka kufunguliwa mjini pale, jirani na duka la vyakula, Adeline ndiye aliyesimama mkutanini akasema kwamba watu hao wakanukie kwingine. Alipigiwa makofi. Iris alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu.

Kwa hiyo alipohitaji vifaa alikwenda mji mkubwa wa Saskatoon, ambako hakuna anayejua yeye ni mke wa nani. Muuzaji mwenye ndevu alimweleza bila haraka. Feni inakaa juu hemani na inavuta, haisukumi. Hewa inapita kwanza kwenye chujio la mkaa, harufu inabaki humo. Kuta za hema zikibonyea kidogo kwa ndani, ujue hakuna kinachovuja. Kisha bomba linakwenda nje.

"Nje wapi?"

"Nje kabisa, bibi. Dirishani."

Dirisha la chumba kile lilitazama barabarani na, ng'ambo ya barabara, kanisa. Katika baridi ya kwao hata mbwa akipumua anaonekana kutoka mwisho wa mtaa. Adeline aliwazia bomba likitoa moshi mweupe usiku na mchana kama garimoshi lililoegeshwa, na watu wakitoka misani wakiuliza Adeline anapika nini siku hizi.

"Na kama si nje?"

Muuzaji alijikuna ndevu. "Chujio likiwa zima, hewa ikitoka hainuki, unaweza kuiachia hata ndani. Lakini angalia unyevu, bibi. Mkaa ukiloa, basi tena."

Nusu ya kwanza ya maneno hayo aliishika vizuri sana. Feni alichagua ile isiyo na sauti badala ya ile yenye nguvu, maana wageni wana masikio, na bomba akalielekeza kibarazani, mahali asipokaa mtu.

"Sijahesabu," alimjibu Metro, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti. Kando ya kitanda mashine ya mvuke ilikuwa ikitoa ukungu wake. Majira ya baridi nyumba za kule hukauka mpaka pua zinatoka damu, na Metro alikuwa ameamka mara kadhaa mwezi huo na mto mwekundu. Mama yake Adeline alikuwa akichemsha sufuria ya maji jikoni kutwa nzima. Adeline alinunua mashine.

Alimsimulia. Aliposikia habari ya kicheche Metro alicheka mpaka akakohoa.

"Wakamshika nani?"

"Shayla."

Kicheko kikaisha. "Na wewe ukasemaje?"

"Nilikuwa nabana pirohi."

"Nipeleke kwa kiti cha magurudumu," Metro alisema. "Nitawaambia ni zangu. Mimi wataniambia nini, wataninyima theluji?"

"Utakaa hapohapo."

Alikwenda kusimama jikoni gizani. Aliona aibu, na juu ya aibu alimkasirikia mumewe, aliyetoa kwa pumzi moja kitu ambacho yeye alishindwa kukitoa asubuhi nzima. Kesho yake alilifua koti kwa siki, mara mbili, akalianika palepale kibarazani.

*

Shayla alikuja Jumamosi na bakuli lililofunikwa kitambaa. Pirohi zinazopasuka haziuzwi, wanagawana waliofanya kazi, na Adeline Alhamisi aliondoka bila fungu lake.

Aliinama kuvua mabuti kibarazani. Adeline alisimama kwenye mlango wa ndani akipokea bakuli, akatafuta la kusema kuhusu barafu barabarani. Msichana alinyooka, akatazama koti lililotundikwa, akainua macho mpaka kwenye mdomo wa bomba.

"Mama," alisema, "chujio lako limeloa."

Adeline alishika bakuli kwa mikono miwili.

"Naweza kuona?"

Aliingia hadi chumbani, akamwamkia Baba Metro, ambaye alimjibu huku akilitazama hema kama mtu anayemtazama mgeni asiyefahamiana naye. Shayla alitazama mashine ya mvuke, akatazama hema lililokuwa mkono mmoja kutoka pale, akaziba mdomo asicheke. Alifungua zipu, akaingiza mikono juu kwa uangalifu, akalishusha chujio.

"Shika. Sikia uzito huu. Limekunywa maji yote ya Baba Metro."

"Mimi nilidhani ni ya pua yangu," Metro alisema.

"Ni ya pua yako, Baba. Ila hema nalo lina pua." Alimgeukia Adeline. "Hii mashine ihamie upande ule, karibu na mlango, na iwe ya usiku tu. Na hii feni ni ndogo, mama. Umeiweka chini kabisa?"

"Inapiga kelele."

"Ndiyo maana haivuti. Ona, kuta za hema zimetulia tu. Harufu inatokea kotekote."

Adeline alimfuata jikoni alikokwenda kunawa masizi ya mkaa. Maji yalipita meusi kwenye sinki jeupe.

"Ulijua lini?"

"Mkesha wa Krismasi. Uliponikumbatia." Shayla aligusa mkono wake mwenyewe, juu ya kiwiko. "Hapa, kwenye koti."

"Basi Alhamisi ulijua."

"Alhamisi nilijua."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, mama? Kwamba ni Adeline Prokopchuk? Wangenicheka mpaka unga umwagike. Na kama wangeniamini, wangekuja kukunusa wewe." Alifuta vidole, kimoja kimoja. "Mimi wamekwisha kunizoea hivyo. Wewe usingeiweza."

Alisema kwa wema kabisa. Kama angesema kwa hasira Adeline angejua pa kuishika.

"Kesho nitakuletea chujio jipya, nitaliacha mlangoni kabla ya misa. Lakini bomba litoe nje. Huko kibarazani unaozesha ukuta."

"Nje wataona."

"Wataona mvuke. Hawatanusa kitu."

Adeline alikuwa amesimama na bakuli la pirohi zilizopasuka, na ndipo alipoona kwamba alikuwa amekwisha kuchagua: yeye asionekane, na msichana anuswe. Hakuna aliyemlazimisha. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Shayla alikuwa akivaa mabuti. "Halafu hizo," alisema akionyesha bakuli kwa kidevu, "karibu zote ni zako. Shangazi Iris alishangaa."

*

Jumapili Adeline hakwenda misani. Chujio jipya alilikuta kibarazani ndani ya mfuko wa plastiki, limekauka, jepesi, akalifunga hemani. Alisikia kengele, akaona watu wakivuka na vichwa vimeinama kwa baridi, Shayla peke yake nyuma, na jaketi lake lilelile. Alimwona akisimama nje ya mlango kidogo, akilitikisa jaketi kwa mkono, kama linaweza kukung'uta kitu, ndipo akaingia.

Adeline alileta ubao uliobaki kwenye rafu za zamani, akaupima dirishani, akaukata kwa msumeno wa Metro juu ya meza ya jikoni, akatoboa tundu la duara. Kazi ilimchukua misa nzima. Aling'oa plastiki waliyofungia kioo kuzuia baridi, akalisukuma dirisha juu, na baridi ikaingia kama mtu aliyekuwa akisubiri hapo nje. Metro, amefunikwa mablanketi mpaka masikioni, alishikilia bomba. Mikono yake ilitetemeka na bomba likatetemeka nalo, likigonga ubao, na Adeline alizungusha selotepu juu ya mtetemeko huo mpaka likashika.

"Hapo kidogo panavuja," Metro alisema.

Akapaziba.

"Adeline. Ukishawasha, basi."

"Najua."

"Nasema tu."

Aliwasha feni, akaipandisha hadi mwisho. Ilinguruma. Kuta za hema zilivutwa ndani taratibu, kama mashavu ya mtu anayefyonza supu, na zikakaa hivyo. Alikwenda kwenye kioo cha pembeni, akakwangua kwa kucha sakitu, ile barafu nyembamba iliyoshika kioo, akatazama.

Siku ilikuwa bila upepo, jua jeupe, theluji inaumiza macho. Kutoka ukutani mwake mvuke ulitoka mnene, ukapanda mnyoofu, ukapita paa la nyumba, ukapita nyaya za umeme, ukaendelea. Usingeweza kutazama upande ule wa barabara usiuone.

Misa ilikuwa imekwisha, wengine walikuwa wamekwenda zao, na kamati ilikuwa imeshuka chumba cha chini kunywa kahawa na kuamua. Alipiga simu ya jikoni kanisani. Iliita muda mrefu.

"Jiko la kanisa," Iris alisema. "Tuko mkutanini."

"Iris, ni Adeline. Panda juu ya kiti utazame dirishani."

"Nipande nini? Umeanguka? Metro ameanguka?"

"Hajaanguka mtu. Tazama nyumba yangu."

Alisikia kiti kikiburutwa, sauti za watu wakiuliza kuna nini, na Iris akilalamikia goti lake. Madirisha ya chumba kile yalikuwa madogo, juu karibu na dari, yanachungulia usawa wa theluji, na yote yalikuwa yamefunikwa sakitu. Kisha akasikia mkono ukisugua kioo.

"Kuna moto?" Iris aliuliza, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuanza kuelewa.

"Ni mvuke. Chumbani mwangu mna hema, na hemani mna bangi, ya Metro. Nimeipanda mimi. Harufu ya Alhamisi ilikuwa koti langu, Iris. Shayla anatundika jaketi lake juu ya langu kwa sababu hatujampa ndoano. Ungenyanyua la pili ungenijua."

Adeline alimsikia akipumua puani.

"Nilikuwepo," Adeline alisema, "nikakaa kimya. Waambie na hilo."

"Wewe," Iris alisema hatimaye. "Wewe uliyesimama ukasema wakanukie kwingine."

"Mimi."

"Nilikupigia makofi."

"Nakumbuka."

"Mungu wangu, Adeline." Kwa mbali mtu alikuwa akiuliza ni nani huyo kwenye simu. "Na msichana yuko hapo nje kwenye ngazi anasubiri tumwite tumwambie hapana. Amekataa kukaa ndani. Anasema asinukishe makoti ya watu."

Adeline alishika fremu ya dirisha. "Basi mwite," alisema.

Hakujua kama Iris alisikia. Simu huko ilikuwa imewekwa mezani bila kukatwa. Alisikia vikombe, kiti, maneno mengi kwa pamoja asiyoweza kuyatenganisha. Hakukata. Nyuma yake feni ilinguruma na Metro aliuliza wanasemaje, akamwonyesha kiganja: ngoja.

Kwenye ngazi za kanisa Shayla alisimama mikono imejikunja kifuani, uso ameuinua, akifuata ule mvuke kwa macho kutoka ukutani mpaka ulikoishia. Chini yake, usawa wa theluji, kwenye kioo cheupe cha dirisha la chumba cha chini, paling'aa kiduara cheusi ambapo mkono ulikuwa umefuta sakitu. Adeline alitazama, simu sikioni. Kando ya kiduara hicho kikatokea cha pili, mwanakamati mwingine akisugua kutoka ndani kwa mkono wa sweta, kisha kwenye dirisha linalofuata kingine.